Kamba za Uangani

Mungu ndiye ajuaye kwa nini mimi, mjane niliyeishia darasa la saba, nilifikishwa katika nchi ya Uangani nikarudi nikiwa na akili zangu. Niliyoyaona nayaandika kama yalivyo, sikuongeza chumvi. Nawaandikia wazazi wenye watoto wanaopenda kutazama juu. Njia ya kufika huko siielezi. Atakayetaka kwenda ataipata tu, maana wenyewe wanaita watu kila siku.

Nilikwenda na binti yangu, Nietiwe. Huyu tangu mdogo akisikia ndege inapita anaacha chakula, anatoka nje na tonge mkononi, anaitazama mpaka inapotea nyuma ya mlima. Kidato cha sita alifaulu vizuri sana hesabu na fizikia, akasema anataka kusomea uhandisi wa anga: kuunda ndege, na vile vyombo vinavyokwenda mbali kuliko ndege. Mimi nilikuwa na shamba la tangawizi alilotuachia marehemu baba yake, ng'ombe mmoja, na mtoto wa pili, Elinaja, anayesoma bado shule ya msingi. Tukaambiwa kwamba Uangani vyuo vya fani hiyo vinagombania kusaidia watoto. Ukifika, kazi ya mzazi ni kulinganisha tu: msaada wa nani mkubwa, wa nani mdogo. Basi nikaenda kulinganisha.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni vivuli. Tulikuwa barabarani, jua kali, mti hakuna, na bado vivuli vilipita miguuni petu, vina mikono na miguu. Nikainua macho.

"Mama yangu, huku hatuangalii juu," alisema aliyekuja kutupokea. Alikuwa mwanamke kijana, mcheshi, anaitwa Bi Shangwe, na kazi yake ilikuwa kuwatembeza wageni. "Si adabu. Walio juu ni wasomi. Mtu mzima unamchungulia msomi nyayo?" Akacheka, akanishika mkono.

Lakini nilikwisha kuona. Juu ya mapaa, mji mzima, watu walikuwa wananing'inia kwenye kamba. Walivaa mikanda ya kifuani. Wengine walikuwa na vitabu, wengine mikono mitupu. Mmoja alikuwa amelala, kichwa kimeanguka mbele. Nilitega sikio nisikie wanaongea nini, sikusikia kitu. Na chini yao watu wa mji walinunua nyanya, waliamkiana, walidaiana, wala hakuna aliyeinua shingo.

Nikamwomba Mungu kimyakimya, nikamsogeza Nietiwe karibu yangu. Yeye hakuogopa. Alikuwa anatazama zile kamba kwa jinsi anavyotazama ndege.

Sheria ya Uangani kuhusu msaada Bi Shangwe alitueleza tukiwa tunatembea, na alionyesha kujivunia. Huko msaada hupimwa kwa kimo. Kila chuo humwinua mtoto kutoka chini kwa nguvu ya msaada wake, na Mpimaji wa serikali husimama na mti wake mrefu, husoma, hutangaza kwa sauti. Chuo kilichoinua zaidi ndicho kilichosaidia zaidi. Ni hivyo tu, hata mtoto mdogo anaweza kulinganisha.

"Na kile kinachobaki?" niliuliza. "Ambacho chuo hakikuinua?"

Bi Shangwe alisimama. Tabasamu lilibaki mdomoni ila machoni liliondoka. "Mama yangu, hilo ni kosa. Kuuliza kilichobaki ni kumtukana mtoaji. Mimi sijakusikia, sawa? Lakini usirudie mbele ya watu."

Akaendelea kueleza kwamba sheria inakataza pia kutenganisha aina za msaada. Anachopewa mtoto bure, anachokifanyia kazi, na anachokuja kukilipa maisha yake yote, vyote kisheria vinaitwa neema. Nilishtuka. Neno hilo mimi nimezoea kulisikia kanisani, na huko halina marejesho.

Chuo cha kwanza kiliitwa Chuo cha Kilele. Kina malango makubwa na mabango ya kusema kwamba hakuna chuo Uangani kinachoinua kama wao. Watumishi wake wakamchukua Nietiwe kwa heshima zote, wakampeleka katikati ya uwanja. Hapo palikuwa na shimo. Wakamteremsha humo kwa ngazi mpaka sikuona hata kitambaa cha kichwani kwake.

"Mnampeleka wapi mwanangu?"

"Anaandaliwa, mama," alisema mmoja wao. "Asipoteremshwa tutamwinuaje?"

Nilienda nikapiga magoti ukingoni. Chini kulikuwa na giza, na kulikuwa na sauti za watoto wengine. Nikamwita kwa jina, akaitika, "Nipo, mama." Kisha wakaanza kumvuta. Wakavuta, wakavuta, wakamfikisha juu kidogo ya usawa wa nyasi tulizosimama. Mpimaji akateremsha mti wake mpaka mwisho wa shimo, akasoma, akatangaza kimo kikubwa ajabu. Watu walipiga makofi. Mama mmoja kando yangu alikuwa analia kwa furaha, mwanawe amesimama pale pale alipokuwa amesimama asubuhi.

Nilipomuuliza Bi Shangwe juu ya hilo shimo alisema kwamba jambo hilo limeshajadiliwa katika Baraza la nchi. Wapo waliotaka kimo kipimwe kuanzia kwenye nyasi. Ikaundwa kamati. Kamati ikaona kwamba shimo ni mali ya chuo, limechimbwa kwa gharama kubwa, na kwamba chuo chenye shimo fupi watu hawakiheshimu. Mjumbe mmoja alisimama akasema yeye alisoma chuo kisichokuwa na shimo kabisa, na wenzake wakamwangalia kwa huruma akakaa. Tangu hapo, kila mwaka vyuo vinaongeza urefu wa shimo, na kila mwaka Mpimaji anatangaza kwamba msaada umeongezeka nchini.

"Hapa sipataki," Nietiwe alininong'oneza. Alikuwa na udongo kwenye nywele. "Twende Kimondo."

Chuo cha Kimondo ndicho alichokuwa akikiota. Hakina shimo. Kina mlingoti mrefu wa chuma wenye gurudumu huko juu kabisa, na kamba imepita kwenye gurudumu, upande mmoja una mikanda ya mwanafunzi, upande wa pili unaingia kwenye tundu la ukuta. Ukuta huo ni mrefu, umepakwa rangi nyeupe. Nikauliza nyuma yake kuna nini. Bi Shangwe akasema, "Ni sehemu ya wazazi. Ya heshima."

Mwinuaji Mkuu wa chuo hicho alikuwa bwana mpole, mwenye sauti ya chini. Alimvalisha Nietiwe mikanda, akamkazia kifuani kwa uangalifu kama daktari. Kisha akaniambia, "Mama, pita huku kidogo. Ni desturi tu, mkono wa mzazi uguse kamba. Mtoto apande kwa baraka yako."

Nani atakataa kumbariki mwanawe? Nikapita mlango mdogo.

Nyuma ya ukuta palikuwa na uwanja mpana wenye mteremko. Wazazi walikuwa wamejipanga, kila mmoja na kamba yake, nyuso zimeelekea ukutani. Walikuwa wengi. Wapo waliokuwa wamekaribia ukuta kama mimi, na wapo waliokuwa mbali kabisa huko chini, wadogo kwa umbali. Mtumishi akanipa mwisho wa kamba ulioshonewa mkanda mpana, akanizungushia kiunoni. "Ni wa kukusaidia tu, mikono isichoke." Upande wa pili nikasikia, "Pandisha!" Mkanda ukanikaza ghafla, pumzi zikanikata. Mtumishi akaniwekea kiganja kifuani, akanisukuma taratibu, nikaanza kurudi nyuma.

Hapo nikaelewa. Hakuna mashine. Ninaporudi nyuma mimi, ndipo anapopanda yeye.

"Bwana asifiwe, mama," alisema mtu upande wangu wa kushoto. Nilikuwa nimerudishwa mbali, mpaka usawa wa mzee mmoja mwembamba aliyevaa koti la suti lililochakaa. "Usisogee sana huku, utanikanyagia kamba."

"Amina, baba. Shikamoo. Wewe unatoka wapi?"

"Marahaba. Songea. Haule." Akavuta pumzi kabla ya kila neno. "Sisi huwa tunasalimiana Tumsifu Yesu Kristo, ila nimekuona unatetemesha midomo, nikasema huyu ni Mlutheri, anaomba kama anamlaumu mtu."

Ningecheka kama mkanda ungeniruhusu. "Na mwanao yuko juu?"

"Hyasinta. Yule pale, sketi ya bluu. Usitazame, wanakataza. Amemaliza siku nyingi, ana shahada yao kamili."

"Amemaliza? Sasa mbona hajashuka?"

 Mzee Haule akanieleza bila kinyongo, kama mtu anayeeleza mvua inavyonyesha kwao. Kamba hiyo inatakiwa ivutwe na mwanafunzi mwenyewe akishapata kazi ya kuunda vyombo. Akivuta, mzazi anasogezwa mbele, mwisho wanakutana. Ila sheria nyingine ya Uangani inasema kwamba mgeni anaweza kufundishwa namna chombo kinavyoundwa, anaweza kukichora, anaweza hata kusahihisha michoro ya wenyeji, lakini hawezi kukigusa wala kuingia karakana yake. Ni kwa usalama wa taifa. Na asiyegusa haajiriwi.

"Kwa hiyo wanawafundisha kazi ambayo wamewakataza kuifanya?"

"Wanafundisha vizuri sana, mama. Tusiseme uongo."

"Hamkuambiwa?"

"Hatukuuliza. Kuuliza si kutukana mtoaji?"

Kwenye mguu wake wa nyuma nikasikia mawe yanaporomoka, na sikusikia yanapotua. Nikageuza shingo. Uwanja ule ulikuwa unaishia kwenye korongo. Halikuwa na ukingo wala uzio, na visigino vya Mzee Haule vilikuwa vimefika mwisho wa ardhi.

"Baba! Nyuma yako!"

"Najua. Huku hatuangalii nyuma," alisema. "Wanasema inaleta kizunguzungu."

"Na mtu akiteleza?"

"Aliye juu anapanda kwa kishindo. Mbele huko wanashangilia sana, wanadhani ameongezewa msaada. Halafu chuo kinaita mtu anayefuata kutoka nyumbani kwake, aje ashike kamba. Mimi ninaye mdogo wake Hyasinta, yuko seminari."

Akilini nikamwona Elinaja wangu na sare yake ya shule, mkanda huu umemzunguka mara mbili kwa udogo wa kiuno. 

Na wakati huohuo kutoka juu nikasikia sauti ya Nietiwe. Nilikuwa sijamsikia na sauti ya namna hiyo tangu tulipomzika baba yake. "Mama! Nakiona! Kipo nyuma ya mabanda, mama, ni kirefu, cheupe, wanakifunga injini!" Alikuwa anacheka. Mwanangu alikuwa anacheka kwa furaha hewani, na mimi kila hatua ya kurudi nyuma ndiyo ilikuwa inamchekesha.

Niliomba. Sikuomba maneno mazuri. Nilisema, Bwana, kama ni woga wangu tu, nifunge miguu nisimharibie mtoto. Kama si woga, nipe miguu. Kisha nikainua mguu wa kulia nikauweka mbele.

Ilikuwa hatua ngumu, maana mteremko ulinivuta na mtumishi alikuwa ameshanisahau, amekwenda kusukuma mwingine. Nikaweka wa pili. Wale waliokuwa mbele yangu wakasikia kamba yangu inalegea juu ya gurudumu, wakageuza macho.

"Anashusha!" alisema mwanamke mmoja kwa sauti ya kunong'ona, kama mtu aliyeona nyoka. "Huyu anashusha mtoto!"

"We mama, huna haya?"

"Wivu huo. Yeye hakusoma, basi na mtoto asisome."

"Mchawi!"

 Niliwaelewa. Wangependa kunishika, lakini kila mmoja alikuwa na uzito wake kiunoni, akinyoosha mkono tu anayumba. Nikaenda. Mtumishi akaja mbio akanikinga kwa mbele. "Mama, huku hatwendi mbele. Tangu chuo kianzishwe hakuna aliyekwenda mbele."

"Basi sheria ya kunikataza haijaandikwa bado," nikamwambia. "Nipishe." Akasita, akaangalia huku na huku kutafuta mkubwa wake, na katika kusita huko mimi nikapita. Nilimtazama Mzee Haule mara moja. Alikuwa amegeuza uso.

Nikafika ukutani. Mkanda ule unakazwa na uzito wa aliye juu. Nietiwe alipogusa ardhi ulilegea wenyewe, ukanitoka kiunoni. Nikatoka kwa mlango mdogo.

Nietiwe alikuwa amesimama chini ya mlingoti, mikanda ingali kifuani, amewaka hasira. "Kwa nini, mama? Kwa nini? Nilikuwa nimeshafika!"

 Nikamwambia tu, "Mwisho wa hiyo kamba ni mimi. Na nyuma yangu kuna korongo."

Mwinuaji Mkuu alikuwa ameshafika, mpole vilevile. Hakunitazama mimi. Alimwinamia Nietiwe. "Binti, haya hutokea. Wazee huchoka mapema. Nafasi yako bado ipo mpaka kengele ya nchi ilie kufunga nafasi za leo. Hebu niambie, nyumbani umeacha nani?"

 Nilitaka kupiga kelele, nimzibe mwanangu mdomo, lakini nikaona kwamba hili si langu. Kama nitalizuia leo, kesho atalisema nisipokuwepo. Nikasimama nikitazama midomo ya mwanangu. Aliitafuna. Akatazama huko nyuma ya mabanda, mahali alipokiona chombo chake.

"Nimemwacha..." akaanza.

Ndipo makofi yakalipuka. Uwanja mzima ukasimama, Mpimaji akanyoosha mti wake, watu wanapiga vigelegele. Juu, mwanamke wa sketi ya bluu alirushwa kwenda angani kwa nguvu, mikono imetawanyika, na kabla hajawa mdogo tukasikia anachopiga kelele. Alikuwa anaita baba yake.

Bi Shangwe alikuwa anapiga makofi pamoja na wengine. "Neema hiyo!" alisema. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na nadhani mwenyewe hakujua.

Nietiwe alitazama juu mpaka makofi yakaisha. Kisha akamuuliza Mwinuaji, polepole, "Mimi nikimaliza, nitaruhusiwa kukigusa kile chombo?"

"Wewe ni mgeni, binti."

"Sasa kamba nitaivuta kwa kitu gani?"

"Swali hilo ni zuri sana," alisema Mwinuaji. "Huwa tunalipokea baada ya mahafali."

Binti yangu akashusha macho, akaanza kufungua mikanda.  Nikataka kumsaidia, akanisukuma mkono, akafungua mwenyewe, mmoja mmoja, akaiweka chini.

"Nimeacha nani si kazi yenu," alisema.

Chuo cha tatu Bi Shangwe hakutupeleka. Alisema ni cha Mabondeni, hakina sifa, vyombo vyao ni vya kupima mvua na kunyunyizia mashamba dawa, na kwamba Mpimaji hata huwa hasumbuki kwenda. Tukaenda wenyewe, kwa miguu, yeye mbele mimi nyuma. Tulikuta banda lenye mlango wazi, na mwalimu mmoja mwenye ovaroli anabishana na mwanafunzi juu ya bawa la ndege ndogo lililokataa kukaa sawa.

Nilichoka na adabu. Nikauliza palepale mlangoni, kabla ya salamu, "Mnainua kiasi gani, na kinachobaki anashika nani?"

Yule mwalimu akafuta mikono. Hakushtuka. "Tunainua kidogo, mama. Kile tunachotoa ni cha kutoa, haturudi kukidai. Kilichobaki ni kikubwa, sikudanganyi. Nusu yake atafanya kazi hapa karakanani, na vyombo vyetu atavishika, hata mgeni anashika. Nusu nyingine hatuna. Utauza ulichonacho au hutauza, sijui. Wapo wanaoshindwa katikati wakarudi kwao."

"Wanarudi na miguu yao?"

"Na miguu yao."

Nikafikiri shamba la tangawizi. Nikaogopa, maana baada ya shamba sina kitu, na Elinaja anakula. Lakini huo ulikuwa woga ninaouona mwisho wake, kama mto ninaoujua mahali pa kuvukia.

"Umesikia," nikamwambia Nietiwe. "Mimi nimeshakushusha mara moja leo. Hapa sikupandishi wala sikushushi. Sema wewe."

Kengele ya nchi ikaanza kulia huko mjini. Nietiwe alisimama muda, akilitazama lile bawa. "Mmelifunga kinyume," akasema kwa sauti ya kukauka. Mwanafunzi akasema, "Si nilikwambia, mwalimu!" Nietiwe akapanda kwenye kibao wanachosimama wanaoanza, na wakamwinua kwa mikono yao, watu wawili, bila kamba.

Hawakumfikisha juu. Alinizidi kimo kidogo tu. Alikuwa ananitazama kwa macho ambayo bado hayajanisamehe, na machozi yalikuwa yanamwagika mpaka kidevuni. Nilikuwa naweza kumfikia. Nikachukua ncha ya khanga yangu, nikamfuta uso, naye hakunisukuma mkono.